Komiki za ng'ambo: kuzipeleka kupimwa gredi kunalipa? Shajara ya mradi kutoka Dodoma

9 Februari 2025: boksi lenyewe

Nina boksi la komiki za Marekani, na chache zenye bei ya Uingereza, za kuanzia miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa 1990. Nililichukua kwa mkupuo, shilingi 60,000, kutoka kwa familia ya kigeni iliyokuwa inafunga nyumba Area C. Swali la mradi ni moja tu: humo ndani zipo zinazostahili kupelekwa Marekani zikapimwe gredi na kufungiwa kwenye kasha, au hela yote itaishia kwenye nauli?

Naandika kila hatua inapokamilika kwa sababu ushauri karibu wote niliousoma umeandikwa na watu wanaoishi kulekule. Kwao kutuma kitabu Florida ni kama sisi kutuma bahasha Morogoro. Wanasema "tuma tu, utajua mbele." Mtu wa Dodoma akifuata ushauri huo atajua mbele kweli, na atajua kwa gharama.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kampuni inayoongoza ni CGC ya Sarasota, Florida, iliyoanza mwaka 2000. Unapeleka komiki, wapimaji wanaikagua ndani na nje, wanaipa namba kuanzia 0.5 hadi 10.0, kisha inafungiwa kwenye kasha gumu la plastiki lenye lebo juu. Haifunguliki tena bila kuvunja kasha, na kasha likivunjwa gredi nayo imekufa. Mshindani wake, CBCS, alianza 2014, tena kwa mkono wa Steve Borock aliyekuwa mpimaji mkuu wa CGC. Wanunuzi wengi bado hutoa hela zaidi kwa lebo ya CGC, kwa hiyo hesabu zangu zote ni za huko.

Kinachotuvuta wote ni habari za minada. Aprili 2024 nakala ya Action Comics Na. 1 ya 1938, yenye gredi ya 8.5, iliuzwa dola milioni 6. Mtu akishasoma hilo, kila kijitabu cha zamani anakiona mali. Sisi tuliokua na Sani na Kingo, komiki ilikuwa kitu cha kuazimana mtaa mzima mpaka jalada linatoka, na hakuna aliyelia.

Gharama hadi sasa: 60,000.

23 Februari: chujio la kwanza, zilichapwa ngapi?

Hatua hii haigharimu kitu zaidi ya bando, na ndiyo iliyoondoa vitabu vingi kuliko zote. Umri wa komiki haukuambii bei yake. Kinachosema ni nakala ngapi zilichapwa na ngapi zimebaki safi.

Mfano mzuri ni X-Men Na. 1 ya 1991, ya Chris Claremont na Jim Lee. Boksi lilikuwa nazo kadhaa na mwanzoni zilinipa moyo: namba moja, wahusika wanaojulikana dunia nzima. Kumbe ndiyo komiki iliyochapwa kupita kiasi kuliko zote, zaidi ya nakala milioni 8, kwa majalada matano tofauti ili mtu yuleyule anunue mara tano. Watu walizinunua kama akiba ya uzeeni na kuzifungia kabatini, ndiyo maana leo safi ziko tele. Bila kasha haizidi dola 5. Superman Na. 75, ile ya kifo chake iliyotoka mwisho wa 1992 ndani ya mfuko mweusi, hadithi ni hiyohiyo, na ya kwangu mfuko ulishachanwa. Spawn Na. 1 ya 1992 ilipita nakala milioni moja na nusu. Zote nje.

Kwa kila kitabu kilichobaki niliangalia sensa ya CGC, ambayo ni wazi kwa yeyote: inaonyesha wameshapima nakala ngapi za toleo hilo na kila gredi imepata ngapi. Ukikuta maelfu wamepewa 9.8, jua 9.2 yako haitamshangaza mtu.

Zile zenye bei ya Uingereza zilinichukua muda. Ni Marvel za mwanzoni mwa miaka ya 1970, juu zimeandikwa 6p badala ya senti 20. Wengi huzidharau wakidhani ni za kunakili Uingereza, lakini zilichapwa Marekani kwenye mashine zilezile, kilichobadilishwa ni bei ya jaladani tu. CGC wanazipima na lebo itasema ni toleo la bei ya Uingereza. Shida iko kwa mnunuzi: Mmarekani wa kawaida anaikwepa, na anayeipenda yupo Uingereza. Nimeziweka kando, kwa hizi njia ya Florida siyo njia yake.

Zilizopita chujio: Amazing Spider-Man Na. 300 (Mei 1988, Venom anapojitokeza kamili kwa mara ya kwanza), New Mutants Na. 98 (Februari 1991, Deadpool wa kwanza), Black Panther Na. 1 ya Jack Kirby (Januari 1977), na Marvel chache za 1974 na 1975.

16 Machi: kukagua chini ya taa

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, maana gredi inajulikana nyumbani kabla haijajulikana Florida. Vifaa: taa ya mezani, kioo cha kukuzia cha fundi saa, rula, na mikono iliyooshwa ikakauka. Glavu za pamba niliziacha baada ya kuona zinakwaruza kona kuliko vidole.

Namna iliyonifaa ni kuzima taa ya dari, kulaza kitabu mezani na kuishusha taa ya pembeni mpaka mwanga upite juu ya jalada kwa ulalo. Ukitazama kwa juu, jalada la Spider-Man 300 lilikuwa safi kabisa. Mwanga wa ulalo ulitoa vingine: karibu na pini ya juu, uti, yaani mgongo wa kitabu, una vistari vitatu vyeupe vyembamba kama uzi, pale wino ulipokatika kwa kitabu kufunguliwa mara nyingi. Nikakiinamisha kidogo, kikatokea kibonyeo cha ukubwa wa kucha upande wa nyuma. Tofauti ya makosa hayo mawili ni kubwa. Kibonyeo ambacho wino haujakatika kinaweza kunyooshwa na fundi. Mstari mweupe hauondoki, na ndio unaokushusha kutoka 9.6 hadi 9.2 na chini.

Makosa ya huku kwetu yana sura yake. Ukavu wa Dodoma umezisaidia hizi komiki: sikukuta madoa ya kahawia ya unyevu kama ninayoyaona kwenye vitabu vinavyotoka Tanga au Dar. Lakini vumbi jekundu limeingia kwenye uti na haliondoki kwa kufuta, ukisugua unalipaka. Nimetumia brashi laini ya rangi, kwa kupepea tu kutoka katikati kwenda nje. Jua nalo limepiga upande mmoja wa vitabu vilivyokuwa juu ya boksi. Nyekundu imekuwa waridi. Kwenye kitabu kimoja mchwa walikuwa wamekwishaonja kona.

Halafu kurasa. Lebo ya CGC inataja pia rangi ya karatasi, kuanzia nyeupe, kushuka hadi krimu, kahawia na ile inayovunjika ukiikunja. Black Panther yangu haijafika krimu, ila haiwezi kuitwa nyeupe.

Kesi ya Marvel ya 1974 naieleza vizuri kwa sababu ingenila. Ilikuwa na jalada bora kuliko zote boksini, uti umenyooka, pini zinang'aa. Kwa jalada peke yake ningeipa 9.0 bila kusita. Nikaanza kuhesabu kurasa kwa kidole gumba, na kwenye ukurasa wa barua za wasomaji kidole kikapita hewani. Kuna dirisha la mraba, limekatwa kwa mkasi, mistari imenyooka. Ni kazi ya mtoto nadhifu. Kati ya 1974 na 1976 Marvel walichapa stempu za wahusika kwenye ukurasa huo na kuwahimiza wasomaji wazikate na kuzikusanya. Kitabu kilichokatwa stempu ni pungufu: ama kinaporomoka hadi chini kabisa ya kipimo, ama kinapewa lebo ya kijani ya "kina kasoro maalumu". Kama una komiki yoyote ya Marvel ya miaka hiyo, ukurasa wa barua ndio wa kwanza kufungua. Jalada litakudanganya.

Nyingine ina jina la mtoto kwa kalamu ya wino juu ya jalada. Rafiki yangu mwenye duka la steshenari alishauri tuchukue maka peni ya rangi inayofanana, tuzibe na vile vistari vya uti pia. Usifanye hivyo. Wino ulioongezwa wanauona, na kitabu kinapewa lebo ya zambarau ya "kimefanyiwa ukarabati". Bei yake inashuka chini kuliko kingebaki na kasoro yake.

Zilizobaki: Spider-Man 300, New Mutants 98, Black Panther 1. Gharama: kioo, brashi na taa, 25,000.

6 Aprili: jaribio la pasi

Kunyoosha vibonyeo kwa joto na uzito ni kazi halali; CGC hawaihesabu kama ukarabati, na wapo mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo. Nikataka kujua kama inawezekana nyumbani. Nilijaribia X-Men Na. 1, kwa kuwa dunia haitazikosa.

Karatasi safi juu na chini, pasi ya umeme kwenye joto la chini, dakika chache, kisha uzito wa vitabu usiku kucha. Asubuhi kibonyeo kilikuwa kimelala kweli. Lakini jalada lilikuwa limepata mawimbi pembeni, na pale ncha ya pasi ilipokaa pana doa lililopoteza mng'ao, linaonekana hata bila taa. Nilirudia na nyingine kwa kuiachia unyevu kwanza, kitambaa kibichi kwa mbali ndani ya beseni lililofunikwa. Mawimbi yalipungua, doa la mng'ao likabaki.

Sababu ninaielewa sasa. Mafundi wanatumia mashine bapa inayoshika joto moja sehemu zote, wanapima unyevu, na kitabu kinapoa kikiwa bado kimebanwa. Pasi ya nyumbani joto lake linapanda na kushuka, na chini ina matundu ya mvuke yanayoacha alama. Hewa yetu nayo inanyonya unyevu upande mmoja wa karatasi haraka kuliko mwingine, ndiyo jalada linajikunja.

Nilichobaki nacho ni uzito tu: kitabu ndani ya karatasi safi, kati ya mbao mbili, juu ensaiklopidia. Kinasaidia kidogo kwa jalada lililojikunja, hakisaidii kitu kwa kibonyeo. Kumlipa fundi wa Marekani kungeongeza gharama kwa kila kitabu, na vistari vyangu vya uti havinyoosheki kwa vyovyote, kwa hiyo hatua hiyo nimeiruka.

27 Aprili: hesabu

Dola naiweka kwa shilingi 2,700, karibu na inavyouzwa sasa. Ada za kupima zinategemea umri na thamani: vitabu vya 1975 kuja mbele viko kwenye daraja nafuu, vya kabla ya hapo viko juu zaidi, na kila daraja lina kikomo cha thamani ya kitabu. Vyangu vyote vitatu ni vya daraja nafuu, naweka dola 30 kimoja. Kutuma moja kwa moja lazima uwe mwanachama wa kulipia. La sivyo upitie duka lililoidhinishwa.

Hesabu ya kwanza ilikuwa ya kwenda na kurudi, vitabu vitatu:

Kampuni ya kusafirisha, Dodoma hadi Florida: 260,000
Kupima, dola 90: 243,000
Uanachama na ada ya oda, dola 30: 81,000
Kurudishiwa Tanzania kwa bima, dola 90: 243,000
Wakala wa forodha kwenye kurudi: 80,000

Jumla 907,000. Kila kitabu zaidi ya laki tatu, kabla TRA hawajasema neno. Na kurudi kuna mtego wake: kitabu kimetoka hapa kikiwa "kitabu cha zamani", kinarudi kwenye kasha chenye thamani iliyoandikwa. Wakala niliyemwuliza alinieleza kwamba bila karatasi za kuonyesha kilitoka Tanzania, kitahesabiwa kama mzigo mpya unaoingizwa. Ukiamua njia hii, weka kumbukumbu ya kutoka tangu siku ya kwanza.

Niliikodolea macho hesabu hiyo siku kadhaa, nikijaribu kubana mstari mmoja mmoja. Haukubani. Halafu nikajiuliza: kasha linarudi Dodoma kufanya nini? Hapa hakuna mnunuzi anayeongeza hata elfu kumi kwa sababu ya 9.2. Kitabu kilicho ndani ya kasha hakisomeki. Gredi ni lugha ya soko la kule. Inaleta maana kama kitabu kinapimwa kule, kinauzwa kule, na kinachorudi ni hela.

Shemeji yangu anaishi Texas na huja nyumbani katikati ya mwaka. Mjini kwake kuna duka la komiki linalokusanya za wateja na kuzipeleka CGC kwa pamoja. Hesabu mpya, kwa kitabu kimoja: dola 30 za kupima, dola 8 za duka, dola 10 za mgawo wa usafiri. Dola 48. Eneo la kuuzia, eBay, huchukua takriban asilimia 13 ya mauzo.

Sasa unapima ongezeko. Siyo "kasha linauzwa bei gani" bali "kasha linaongeza kiasi gani juu ya kitabu hichohicho bila kasha", na bei uchukue za vilivyokwisha kuuzwa, maana bei anayoomba muuzaji hata mimi naweza kuomba dola elfu. Kanuni nyingine niliyojiwekea: gredi uliyoikadiria ishushe ngazi moja ndipo upige hesabu. Jicho la mwenye mali lina huruma.

Spider-Man 300: jicho linasema 9.2, napigia 9.0. Kwenye kasha takriban dola 350, bila kasha 220. Ongezeko 130, toa asilimia 13 yake, toa 48: inabaki kama 65.

New Mutants 98: jicho 9.0, napigia 8.5. Kasha 240, bila kasha 180. Ikishatolewa kila kitu zinabaki dola 4, yaani hakuna kitu. Ikipanda ngazi mbili inalipa vizuri. Ikishuka moja nimepata hasara.

Black Panther 1: jicho 7.5, napigia 7.0. Kasha linaongeza kama dola 30. Halilipii hata nauli yake. Nje.

Kwa nakala za aina hii, kama kasha haliongezi dola 60 au zaidi, achana nalo. New Mutants inakwenda kwa sababu moja ambayo hesabu haikuiona: anayeuza kutoka mbali haaminiki. Mnunuzi wa Ohio akiona picha ya kitabu kisicho na kasha kutoka kwa muuzaji asiye na historia, anakata bei au anapita. Lebo inamwondolea shaka hiyo.

18 Mei: je, kununua ambayo imeshapimwa?

Nimeiandika kwa wanaotaka kumiliki na hawana mpango wa kuuza. Ukitaka Black Panther 1 ndani ya kasha ukutani, kununua iliyokwisha kupimwa ni nafuu kuliko kupima yako: aliyelipia ada ni mwingine, na gredi za kati huuzwa mara nyingi bila kurudisha hata gharama ya kupima. Wewe unalipa kitabu na usafiri wa upande mmoja.

Tahadhari moja. Mwishoni mwa 2023 ilibainika kuwa kuna mtu aliyetumia huduma ya CGC ya kubadilishiwa kasha kupenyeza nakala za gredi ya chini kwenye lebo za gredi ya juu, na kampuni ikatangaza namba za vyeti vilivyotiliwa shaka. Kwa hiyo usisome lebo peke yake. Ingiza namba yake kwenye tovuti yao, na ikiwa kuna picha linganisha vistari vya uti kimoja kimoja na kitabu unachouziwa. Kagua pia kingo za kasha kama zina nyufa au alama za kubanduliwa.

29 Juni: kufungasha

Mifuko maalumu ya komiki huipati Dodoma. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, na iliyobaki madukani ni ya vifungashio na steshenari. Nilizunguka Majengo nikakuta mifuko ya nyaraka ya A4. Mingi ni ile laini yenye harufu kali; hiyo ni ya PVC, inanata kwenye wino, usiiguse. Chukua ile inayotoa mlio mkavu ukiifinya na haina harufu.

Tatizo la A4 ni nafasi. Komiki ina upana wa sentimita 17 na urefu wa 26 kwa wastani, kwa hiyo ndani ya mfuko wa sentimita 21 kwa 30 inacheza, na kona ndizo zinazogonga. Nilikunja mfuko nyuma na kuubana kwa selotepu, lakini selotepu yenyewe ni hatari: kitabu kikitolewa, ulimi wake unaweza kunasa jalada. Suluhisho ni kukunja ncha ya selotepu iwe mkia wa kuvutia, na kuielekeza upande wa nyuma. Ndani niliweka manila iliyokatwa sawa na kitabu. Manila ina asidi na haifai kukaa miaka, kwa wiki za safari haina neno. Kisha vipande viwili vya kadibodi ngumu, mishipa yake imepishana ili visikunjike upande wowote.

Shemeji alipoona bahasha akacheka. "Shem, hivi vitabu vya watoto ndivyo nivibebe mkononi kama pasipoti?" Nikamwambia hivyohivyo, na visiingie kwenye begi la chini. Alipanda SGR kwenda Dar na bahasha ikiwa mgongoni mwa laptopu yake, ambapo ni mahali pazuri kuliko nilivyofikiria, kwa kuwa kompyuta hakuna anayeikalia.

Gharama za kufungasha: 20,000. Soda ya shemeji siihesabu.

14 Septemba: gredi zimetoka

New Mutants 98: 9.4. Spider-Man 300: 8.5.

Yaani nilikosea kote kuwili, kwa mwelekeo tofauti. Maelezo ya wapimaji yanataja, kwa Spider-Man, vistari vya uti ninavyovijua, kibonyeo cha jalada la nyuma, na kutu kidogo ndani ya pini ya chini. Kutu hiyo sikuiona kwa sababu niliangalia pini kwa nje tu. Fungua katikati ya kitabu, zinapokunjika ncha za pini, uangalie pale. Kwa New Mutants nilikuwa nimehesabu kama kasoro alama ambayo ilikuwa ya kiwandani, ya kukatwa jalada. Hiyo haikushushi sana. Kanuni yangu ya kushusha ngazi moja iliniokoa kwa kimoja na kunibania kwa kingine, na naendelea nayo.

Kwa anayefikiria posta badala ya msafiri: kuanzia 29 Agosti Marekani imeondoa msamaha wa ushuru kwa mizigo ya chini ya dola 800, na karatasi zimeongezeka. Uliza kabla ya kufunga mzigo, na jina la bidhaa liandikwe wazi kuwa ni machapisho.

12 Oktoba: mauzo

Vyote vimeuzwa. New Mutants dola 310, Spider-Man 300 dola 300. Jumla 610, ikatolewa kama 79 ya eBay, ikatolewa 96 ya kupima na kufikisha. Zimebaki 435. Shilingi imepanda tangu Aprili na dola sasa iko karibu 2,450, kwa hiyo niliyopokea ni takriban 1,065,000. Kwa dola ya Aprili ingekuwa laki moja zaidi. Weka na hilo kwenye hesabu yako, maana kati ya kutuma na kupata hela ni miezi.

Lakini hiyo ni faida ya boksi. Ya gredi yenyewe naitenga hivi: vitabu vile vile bila kasha vingeleta dola 400. Kasha limeongeza 210. Toa asilimia 13 yake, toa 96, zinabaki dola 87, kama shilingi 213,000. Toa vifaa na kufungasha, 45,000. Gredi imeniingizia takriban 168,000 kwa kazi ya tangu Februari, na sehemu kubwa imetoka kwa New Mutants, kitabu ambacho kwenye karatasi hakikuwa na faida. Spider-Man 300, niliyoitegemea, imeongeza kama dola 22 tu baada ya makato.

Boksi linalofuata nitapeleka kitabu kimoja kimoja kwa shemeji pale tu ongezeko linapovuka dola 60 kwa gredi iliyoshushwa, na hakuna kasha litakalorudi huku. Black Panther 1 anabaki nyumbani bila kasha. Mwanangu wa darasa la tano ameshaianza na nimemwonyesha namna ya kuifungua bila kuuvunja uti. Zile za 6p natafuta mnunuzi wa Uingereza. X-Men Na. 1 ninazo bado, shilingi 5,000 kila moja, zilizopigwa pasi 2,000.